Wasindhi na Wabaluchi: je, wanadai kitu kimoja?

Msomaji wetu wa Mombasa, anayejitambulisha kuwa Mbulushi wa kizazi cha nne, ameuliza hivi: "Kila mara ninaletewa kwenye simu picha za maandamano ya Ulaya ambamo bendera ya Baluchistan na ile ya Sindhudesh, yaani Sindh inayodaiwa iwe dola huru, zinapeperushwa pamoja. Je, watu hawa wanadai kitu kimoja? Wote wanataka nchi yao wenyewe? Na sheria ya kimataifa inawapa haki hiyo, au ni maneno ya jukwaani tu?"

Ndugu yangu, jibu la swali lako la kwanza ni hapana, ingawa walio katika maandamano hayo wana sababu nzuri ya kusimama pamoja. Wanayemdai ni mmoja, yaani dola ya Pakistan, ambayo Baluchistan na Sindh ni mikoa yake, na baadhi ya hasara zao zinafanana sana. Lakini deni lenyewe ni tofauti. Mbaluchi anayedai uhuru huanza na swali la namna nchi yake ilivyoingizwa katika Pakistan mwaka 1948. Msindhi huanza na ahadi, kwa sababu Sindh iliingia kwa hiari yake, tena ilikuwa mstari wa mbele kuitaka Pakistan, na wanaolalamika leo wanasema kwamba masharti ya kuingia hayakutimizwa. Usipoitenganisha misingi hiyo miwili, hutaelewa kwa nini upande mmoja umepanda milimani na bunduki mara tano, na upande mwingine umepigania haki zake zaidi bungeni, vyuoni na kandokando ya mto.

Nianze na Wabaluchi, ndio hao Wabulushi kwa lugha ya mwambao wetu. Waingereza walipokuwa wakifungasha virago mwaka 1947, eneo tunaloliita Baluchistan halikuwa kitu kimoja. Sehemu ya kaskazini, pamoja na mji wa Quetta, ilitawaliwa na Waingereza wenyewe, na humo baraza la wazee wa makabila na madiwani wa Quetta walikubali kuingia Pakistan. Sehemu kubwa ya kusini ilikuwa milki ya Khan wa Kalat, Mir Ahmad Yar Khan, aliyeshikilia kwamba mkataba wa 1876 ulimweka katika daraja tofauti na watawala wengine wa kienyeji wa India. Tarehe 11 Agosti 1947 ilitolewa taarifa ambamo Pakistan iliitambua Kalat kuwa dola huru, na siku chache baadaye Khan akatangaza uhuru. Mabaraza mawili ya Kalat, la machifu na la wawakilishi wa watu, yakakataa kujiunga. Kisha, mwezi Machi 1948, Pakistan ikapokea maombi ya kujiunga ya Kharan, Las Bela na Makran, ambazo Khan alizihesabu kuwa ziko chini yake, na Kalat ikajikuta imezingirwa na kukatiwa njia ya bahari. Tarehe 27 Machi 1948 Khan akatia sahihi.

Mgogoro wote unarudi kwenye sahihi hiyo. Serikali husema kwamba watawala wa milki zote walitia sahihi wao wenyewe bila kuuliza mabunge, kwa hiyo hati ya Kalat ni halali kama hati nyingine. Wazalendo wa Kibaluchi hujibu kwamba Kalat ilikuwa na mabaraza, yalikwisha kuulizwa, na yalisema hapana. Kwa maoni yangu hoja ya serikali ina nguvu kwa kipimo cha desturi za kisheria za mwaka 1947, lakini haitoshi kuwaridhisha watu waliotoa jibu lao na kuliona likipuuzwa. Nduguye Khan, Agha Abdul Karim, aliasi mwaka huohuo wa 1948, na tangu hapo maasi yamekuwa yakizuka na kuzimwa: 1958, kisha miaka ya 1960, kisha 1973 hadi 1977, na haya yaliyoanza mwanzoni mwa karne hii ambayo hayajaisha.

Katika yote hayo, kisa kinachosimuliwa mno ni cha mzee Nauroz Khan. Aliteremka kutoka milimani mwaka 1959 na, kama Wabaluchi wanavyosimulia, aliapiwa kwa Msahafu kwamba yeye na watu wake hawatadhuriwa. Mwaka 1960 wenzake saba, akiwemo mwanawe, wakanyongwa. Yeye aliachwa kwa sababu ya umri wake, akafia gerezani. Ukimwambia Mbaluchi leo aweke silaha chini aje mezani, hicho ndicho kisa atakachokutajia kwanza.

Kuna jambo linalokuhusu wewe zaidi. Bandari ya Gwadar, ambayo sasa inatajwa kila panapozungumziwa uwekezaji wa China, ilikuwa mali ya Oman hadi juzijuzi kwa hesabu ya historia. Mwishoni mwa karne ya 18 Khan wa Kalat alimpa hifadhi Sultan bin Ahmad, babake Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja, akamwachia na Gwadar. Pwani hiyo ya Makran ndiko walikoandikishwa askari wa Kibulushi wa masultani, wakiwemo waliowekwa Ngome ya Yesu baada ya Mazrui kuangushwa mwaka 1837, na neno letu jemadari ndilo lililokuwa jina la cheo cha makamanda wao. Yumkini wazee wako walipita hapo. Pakistan iliinunua Gwadar kutoka Oman mwaka 1958 kwa pauni milioni 3, na wakazi wake, kwa kadiri ya kumbukumbu zilizopo, hawakupigishwa kura.

Leo Gwadar inaonyesha vizuri malalamiko ya Wabaluchi yalivyo katika maisha ya kila siku, mbali na hotuba. Tangu 2013 bandari inaendeshwa na kampuni ya China. Barabara kuu ya kuingilia bandarini ilijengwa kandokando ya ufuo wa mashariki, palepale wavuvi walipokuwa wakiegesha mashua zao, na iliwabidi waandamane ili waachiwe vipenyo vya kufikia maji. Mwishoni mwa 2021 umati mkubwa wa watu wa mji huo, wakiongozwa na Maulana Hidayat ur Rehman, ulikaa barabarani kwa mwezi mzima. Hawakudai dola. Walidai meli kubwa za kukokota nyavu ziondolewe katika maji yao, vizuizi vya askari vipunguzwe ili mtu asiulizwe katika mtaa wake mwenyewe anatoka wapi na anakwenda wapi, na biashara ndogondogo ya mpakani na Iran iachwe iendelee. Zingatia kwamba nyingi ya meli hizo za kukokota zilikuwa zinatoka Sindh, nitalirudia hilo.

Gesi ni kidonda cha zamani zaidi. Iligunduliwa Sui, katika nchi ya kabila la Bugti, mwaka 1952. Bomba likafika Karachi mwaka 1955, viwanda na majiko ya miji mikubwa yakawaka, ilhali Quetta, mji mkuu wa mkoa wenye gesi yenyewe, ulisubiri hadi miaka ya 1980, na vijiji vya jirani na visima vikaendelea kupikia kuni. Pamoja na hayo kuna hesabu ambayo watu wa nje huikosa: mrabaha unaolipwa mkoa hukokotolewa kama asilimia ya bei ya gesi pale kisimani, na visima vya Sui, kwa kuwa vilitangulia, vilifungiwa bei ya chini kuliko visima vilivyochimbwa baadaye Sindh na Punjab. Kwa hiyo Baluchistan ilitoa zaidi ikapata kidogo, kwa kanuni iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wakazi waitazame kwa jicho la shaka migodi ya shaba na dhahabu ya Reko Diq, ingawa makubaliano ya 2022 yaliupa mkoa asilimia 25 ya mradi.

Maasi ya sasa yalipamba moto baada ya Nawab Akbar Bugti, aliyewahi kuwa gavana na waziri mkuu wa mkoa, kuuawa katika operesheni ya jeshi tarehe 26 Agosti 2006. Yaliyofuata yamewagusa watu wengi kuliko vita vyenyewe: wanafunzi, walimu, waandishi wa habari na vijana wa kawaida walichukuliwa na watu wenye silaha, na baadhi yao miili yao ikaokotwa njiani miezi au miaka baadaye. Familia zinaviwajibisha vyombo vya usalama. Serikali hukanusha, na husema kwamba wengi wa wanaotajwa wamejiunga na wapiganaji au wamekimbilia nje. Mzee aliyejulikana kama Mama Qadeer, ambaye mwili wa mwanawe ulipatikana mwaka 2011, alitoka Quetta kwa miguu Oktoba 2013 pamoja na wanawake na watoto wachache, wakisukuma mkokoteni uliojaa picha za waliotoweshwa, wakapita Karachi na kufika Islamabad Februari 2014, mwendo wa kama kilomita 2,000. Tume ya serikali iliyoundwa mwaka 2011 imeandikisha kesi zaidi ya 10,000 nchini kote. Ulikuwapo hata muswada wa kuharamisha vitendo hivyo, uliopitishwa na Bunge la Taifa mwaka 2021, lakini waziri wa haki za binadamu wa wakati huo alikuja kueleza kwamba umepotea njiani kuelekea Seneti. Muswada wa waliotoweka nao ulitoweka. Sijui kama kuna mtunzi wa vichekesho angethubutu kuliandika hilo.

Ingekuwa si haki kukueleza habari za waliotoweshwa nikanyamazia yanayofanywa na Jeshi la Ukombozi la Baluchistan. Agosti 2024 watu wenye silaha walisimamisha magari huko Musakhail, wakakagua vitambulisho, wakawateremsha abiria 23, wengi wao Wapunjabi, na kuwaua. Machi 2025 waliteka treni iliyokuwa na abiria zaidi ya 400 katika njia ya milimani ya Bolan, mkoani Baluchistan. Mlala hoi wa Punjab aliyekwenda kutafuta kibarua hakutia sahihi hati yoyote ya Kalat. Harakati za kiraia, hasa Baloch Yakjehti Committee inayoongozwa na Dkt. Mahrang Baloch, ambaye babake naye alitoweshwa na baadaye akapatikana ameuawa, zinafuata njia nyingine kabisa, yaani ya maandamano na mahakama, na kuzichanganya na wapiganaji ni kosa ambalo maofisa wengi wa serikali hulifanya kwa makusudi.

Wabaluchi wa upande wa Iran nitawapitia kwa ufupi tu. Nchi yao ilitiishwa na Reza Shah mwaka 1928, wao ni Wasunni katika dola ya Kishia, na tarehe 30 Septemba 2022 makumi ya waandamanaji na waumini walipigwa risasi na kufa mjini Zahedan. Bendera unayoiona Ulaya inawahesabu na wao, jambo linaloifanya Iran na Pakistan, zisizoaminiana katika mengine, ziafikiane katika hili.

Sasa Sindh, ambako hadithi inageuka. Waingereza waliiteka mwaka 1843 kutoka kwa watawala wa ukoo wa Talpur, ambao, utashangaa, asili yao ni Wabaluchi. Katika mapigano ya mwisho karibu na Hyderabad alikufa jemadari Hosh Muhammad Sheedi, mmoja wa Wasindhi wenye asili ya Afrika, na mapokeo yanamnasibishia ukelele ambao kila Msindhi anaujua: tutakufa, tutakufa, Sindh hatutaitoa. Masheedi wangalipo, na wengi wa mababu zao walivushwa kutoka mwambao huuhuu wetu. Kwa hiyo ukiusikia ukelele huo katika maandamano, ujue unatajwa kwa jina la mtu ambaye huenda asili yake iko karibu nawe kuliko unavyodhani.

Sindh iliunganishwa na Bombay, ikapigania kutengwa nayo, na ikawa mkoa kamili mwaka 1936. Tarehe 3 Machi 1943 bunge lake lilipitisha azimio la kuunga mkono Pakistan, na aliyeliwasilisha ni G. M. Syed, mtu yuleyule ambaye baadaye, kuanzia 1972, alidai dola huru ya Sindhudesh na kutumia kama miaka 30 ya maisha yake kizuizini, hata akafariki Aprili 1995 akiwa bado chini ya ulinzi. Watu humwita kigeugeu. Mimi sioni hivyo. Azimio la Lahore la 1940 la chama cha Muslim League, ambalo ndilo lililouzwa kwa Wasindhi, lilisema wazi kwamba sehemu zitakazounda nchi mpya zitakuwa na mamlaka yake na uhuru wake. Syed aliyachukulia maneno hayo kama mkataba wa mauziano, na aliposhindwa kupewa bidhaa aliyoahidiwa akadai arudishiwe alichotoa.

Na kweli bidhaa haikuja. Mwaka 1948 Karachi ilitolewa mikononi mwa Sindh na kufanywa mji mkuu wa shirikisho. Wahindu wa mijini walikuwa wakihamia India, na wahamiaji waliokuja kutoka India wakizungumza Kiurdu wakajaza miji, hivyo Msindhi akajikuta mgeni katika mji wake mkubwa kuliko yote. Mwaka 1955 mikoa yote ya magharibi ilivunjwa na kufanywa kitu kimoja, ili Punjab na wenzake wapate uzani wa kulingana na Bengali ya mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Mpango huo ulidumu hadi 1970, na ni katika kuupinga ndipo Wasindhi na Wabaluchi walipokutana kisiasa. Bunge la Sindh lilipoipa lugha ya Kisindhi hadhi rasmi Julai 1972, ghasia zilizuka Karachi na watu wakafa. Msomaji wa Kiswahili anayejua thamani ya lugha yenye maandishi ya karne nyingi hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lilipasua mkoa.

Lakini ukienda vijijini leo, mtu atakuzungumzia maji kabla ya lugha. Makubaliano ya 1991 yaliipa Punjab ekari-futi milioni 55.94 za maji ya mto Indus na Sindh milioni 48.76, ekari-futi moja ikiwa ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja. Sindh iko mwisho wa mto, na aliye mwisho hupata kinachobaki. Tangu bwawa la Kotri lilipokamilika mwaka 1955, maji matamu yanayofika kwenye delta yamepungua, bahari imepanda, mikoko imekonda, na huko Kharo Chan mashamba yaliyokuwa ya mpunga yamegeuka ardhi ya chumvi, wenyewe wakahamia Karachi. Hapo dai la kujiamulia lina umbo dogo na wazi: nani anafungua lango la maji, na kwa ruhusa ya nani.

Nilisema nitazirudia zile meli. Bendera mbili zikisimama pamoja huficha kwamba watu hawa pia wamekoseana. Aliyeivunja serikali ya mkoa wa Baluchistan iliyoongozwa na Ataullah Mengal mwezi Februari 1973, miezi kama kumi tu baada ya kuundwa, na kupeleka jeshi katika vita vilivyoua maelfu, ni Zulfikar Ali Bhutto, rais wa wakati huo, Msindhi. Wanaokomba samaki wa Makran ni manahodha kutoka Sindh. Upande wa pili, damu zimechanganyika kiasi kwamba mamilioni ya Wasindhi wana ukoo wa Kibaluchi, akiwemo Rais Asif Ali Zardari, na mtaa wa Lyari mjini Karachi ni wa Wabaluchi tangu kabla mji huo haujawa jiji. Mpaka kati ya mataifa hayo mawili, kama yangekuwa mataifa, ungekuwa mgumu kuuchora kuliko wa Pakistan yenyewe.

Je, sheria inasemaje? Haki ya watu kujiamulia mambo yao imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa na katika kifungu cha kwanza cha maagano mawili ya 1966, ambayo Pakistan imeyaridhia yote, moja mwaka 2008 na jingine 2010. Lakini wanasheria hutofautisha kujiamulia ndani ya dola, yaani kushiriki katika utawala, kulinda lugha na kufaidi mali ya nchi yako, na kujitenga. La kwanza ni haki ya kila watu. La pili lilikubaliwa bila mabishano kwa makoloni tu, na Baluchistan na Sindh hazimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala. Azimio la Baraza Kuu la 1970 na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kanada ya 1998 kuhusu Quebec vimeacha upenyo mwembamba, kwamba dola inayowanyima watu wake ushiriki wowote inapunguza haki yake ya kutetea mipaka. Tume ya Afrika ilipitia njia hiyohiyo ilipoikatalia Katanga, jimbo la Kongo, mwaka 1995. Bangladesh ilipita kwenye upenyo huo, ila baada ya mauaji makubwa na jeshi la India kuingia. Kwa hiyo, kisheria, wakili wa Wabaluchi ana hoja nzito kuhusu kutoweshwa na mali ya asili, ana hoja ya kuzungumzika kuhusu 1948, na hana mlango wa mahakama ulio wazi wa kudai dola. Wakili wa Wasindhi ana hoja nzuri mno kuhusu maji na mamlaka ya mkoa, na kuhusu kujitenga karibu hana kitu, kwa sababu Sindh ina bunge, serikali na chama chenye nguvu katika dola nzima.

Kuhusu kama wote wanataka nchi yao: vyama vya Kisindhi vinavyodai Sindhudesh havijawahi kushinda uchaguzi, na wapiga kura wamekuwa wakikipa chama cha Pakistan Peoples Party serikali ya mkoa mfululizo tangu 2008. Kwa Wabaluchi kupima ni kugumu, kwa kuwa wanaotaka uhuru husimama nje ya uchaguzi na wanaoshiriki wengi hudai mamlaka zaidi ndani ya shirikisho. Marekebisho ya katiba ya 2010 yaliongeza mamlaka hayo, na mgao wa fedha wa mwaka huo uliipa Baluchistan asilimia 9.09, zaidi ya sehemu yake ya idadi ya watu. Hayo hayakuzima moto, na nafikiri sababu iko katika hesabu rahisi. Baluchistan ni kama asilimia 44 ya ardhi ya Pakistan lakini ina viti 16 tu kati ya viti 266 vya majimbo katika Bunge la Taifa. Sindh ina 61, na Punjab 141. Serikali inaweza kuundwa Islamabad bila kura hata moja ya Quetta.

Masika ya 2025 yalilionyesha hilo wazi. Tarehe 22 Machi Dkt. Mahrang Baloch alikamatwa Quetta baada ya kukaa barabarani na waandamanaji wenzake. Mwezi uliofuata mawakili wa Sindh walikaa barabarani Babarloi, karibu na Sukkur, wakapinga mifereji mipya ya kupeleka maji jangwani Cholistan, huko Punjab, na maelfu ya malori ya kwenda Punjab yakakwama. Serikali ya muungano wa vyama huko Islamabad haikuweza kusimama bila kura za Peoples Party, chama kinachotawala Sindh. Tarehe 28 Aprili mradi wa mifereji ulirudishwa mezani usiendelee hadi mikoa ikubaliane. Mwezi Juni bunge la Baluchistan likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka.